Faraja ya kitabu cha picha kwa mwanamke anayeamua

Mwaka 1973, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhalalisha utoaji mimba katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, Joyce Farmer na Lyn Chevli walichapisha kijitabu cha katuni kiitwacho Abortion Eve. Wote wawili walikuwa washauri katika kliniki ya bure mjini Laguna Beach, California, na maswali ya wanawake waliyajua kwa kuyasikia. Wakachora wanawake watano wa rika na malezi tofauti wakikutana kliniki. Wanaulizana, wanabishana, wanalia, kisha wanaelezwa atakachofanya daktari, hatua kwa hatua.

Nadhani hapo ndipo palipo siri ya vitabu vya katuni vya aina hii. Mwanamke aliye katika uamuzi huu hukoseshwa usingizi na mambo ambayo wengine huyaona madogo: nani atanisindikiza, maumivu yatafika wapi, damu kiasi gani ni ya kawaida? Karatasi ya hospitali humpa majibu. Mchoro humwonyesha mtu mwingine akiyapitia, kisha akirudi nyumbani.

Kitabu ninachokithamini zaidi ni Not Funny Ha-Ha cha Leah Hayes, kilichotoka mwaka 2015. Kinawafuata Mary na Lisa: mmoja anatumia dawa, mwingine anafanyiwa upasuaji mdogo kliniki. Wenye kutumia dawa kwa kawaida humeza kwanza ile inayozuia homoni ya projesteroni. Baada ya siku moja au mbili hufuata dawa ya pili, inayofanya mji wa mimba ujikaze na kutoa damu. Anayejua kwamba maumivu ya kujikaza huko yanatarajiwa huyapokea kwa hofu pungufu, na huweza kuyatofautisha na dalili za hatari. Hayes hasemi kwa nini wanawake hao waliamua hivyo. Amefanya vyema, kwa maana anayedai sababu kabla ya kufariji amekwisha kuwa hakimu.

Hata hivyo, kufariji kusigeuke kumlazimisha mtu ajisikie vizuri. Mfaransa Aude Mermilliod, katika kitabu chake cha katuni cha mwaka 2019, Il fallait que je vous le dise, anasimulia jinsi alivyoitoa mimba yake. Aliitetea haki ya kutoa mimba, na bado aliumia. Wapo wanaopata nafuu tu, wapo wanaohuzunika, na wapo wanaopata yote mawili siku moja. Kitabu kinachoruhusu hisia moja tu humwacha msomaji mpweke kuliko alivyokuwa.

Vitabu vya aina hii pia huchakaa upesi. Vilivyoandikwa kwa ajili ya Marekani kabla ya Juni 2022, Roe ilipobatilishwa, sasa vinaweza kumpotosha msomaji kuhusu sheria ya jimbo lake. Kwetu nako sheria hazifanani: Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini, ilhali nchini Tanzania sheria ni finyu zaidi. Kitabu cha kigeni kikitafsiriwa hivi hivi tu, kitamdhuru anayekiamini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachoraji wetu: kabla ya kushika kalamu, kaeni na wakunga, wauguzi na wanasheria wa hapa hapa, na mwachieni mwanamke mwenyewe uamuzi wake.