Kedowa Wanajua Kukimbia, Baiskeli Je?

Duathloni fupi huanza na kitu ambacho mtu wa Kedowa, kaunti ya Kericho, hakiogopi hata kidogo: mbio za miguu. Unakimbia kilomita 5, unapanda baiskeli kwa kilomita 20, halafu unashuka na kukimbia tena kilomita 2.5. Umbali huo ndio unaotambuliwa na World Triathlon, shirikisho la dunia linalosimamia mchezo huu, na mwanariadha wa ridhaa mwenye mazoezi ya kadiri huumaliza kwa saa moja na ushei. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika mwaka 1990 huko Palm Springs, California, na Mmarekani Kenny Souza akatwaa taji. Olimpiki haijawahi kuukaribisha mchezo huu, ingawa jamaa yake wa karibu, triathloni, amekuwamo tangu Sydney mwaka 2000.

Tofauti ya hao wawili ni maji. Triathloni inataka uogelee kwanza, na katika nyanda za Kericho na Bomet, mwajiriwa wa shamba la chai au mwalimu wa shule ya msingi ataupatia wapi muda na bwawa la kujifunzia? Duathloni haimdai hilo. Inamdai miguu, baiskeli na barabara.

Miguu ipo, na ina historia. Medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na mwana wa Kericho, Wilson Kiprugut Chumo, aliyepata shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, Mexico, akaongeza fedha katika mbio zizo hizo. Kijana aliyekulia kwenye ardhi ya Kiprugut, tena aliyezoea kukimbia kwenda shule na kurudi, akisikia kwamba sehemu mbili kati ya tatu za shindano ni mbio za miguu, hujiona ameshashinda.

Hesabu inamkatalia. Tuseme mkimbiaji hodari anamaliza kila kilomita kwa dakika 3 na sekunde 24, na mwenzake wa kawaida anachukua dakika 4 na sekunde 24. Katika kilomita zote 7.5 za kukimbia, hodari atamwacha mwenzake kwa dakika saba na nusu. Pengo hilo si dogo. Lakini kama huyo hodari anaendesha baiskeli kwa kasi ya kilomita 24 kwa saa, kilomita 20 zitamla dakika 50. Mwenzake akienda kilomita 30 kwa saa, atatumia dakika 40. Mkimbiaji wa kawaida anafika mwisho akiwa mbele kwa dakika mbili na nusu, na bado kasi hizo mbili ni za watu wa ridhaa kabisa. Duathloni fupi, kwa maneno mengine, huamuliwa kwenye tandiko.

Je, watu wa huku wanaweza kuwa wepesi juu ya baiskeli? Swali hili lilishajaribiwa. Mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliona Wakenya wakitamba katika marathoni na kujiuliza kwa nini hawaonekani katika mbio za baiskeli. Alikuja akawapata Zakayo Nderi, aliyekuwa akipiga viatu rangi, na Samwel Mwangi, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Mwaka 2008 akawapeleka Alpe d'Huez, mlima wa Ufaransa wenye kona 21 ambao waendesha baiskeli wa Tour de France huuogopa. Nderi aliupanda kwa dakika 42 na sekunde chache, muda ambao wataalamu wengi wa kulipwa wasingeuonea haya. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa timu ya Kenyan Riders iliyoweka makao Iten. Baadaye akatokea Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, kabla ya kufariki kwa ajali akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Mapafu, basi, si tatizo. Kinachokosekana ni saa za kukaa kwenye baiskeli na ufundi wa kuiendesha: kubadilisha gia kabla ya mlima badala ya katikati yake, kukata kona bila kukanyaga breki kwa hofu, kukanyaga pedali kwa mzunguko ulio laini. Aliyejifunza kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia, ana nguvu za kutosha mapajani lakini hana mazoea hayo.

Kedowa yenyewe ni mwalimu mkali. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho hupunguza msukumo wa hewa kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Anayekimbia anapata oksijeni kidogo kila anapovuta pumzi, kwa hiyo akianza kwa pupa atalipa mapema. Kwenye baiskeli mambo yanageuka kidogo: hewa nyepesi humpunguzia mwendeshaji upepo wa kupambana nao, hasa akiteremka. Bahati mbaya barabara za huku hazikai tambarare kwa muda mrefu. Faida uliyoipata kwenye mteremko, kilima kinachofuata kinaidai.

Wageni wengi wa mchezo huu huharibikiwa mahali wasipopatarajia, yaani kwenye uwanja wa kubadilishia. Hapo ndipo baiskeli zinaposubiri zikiwa zimetundikwa. Sheria yake ni fupi na haina msamaha: helmeti ivaliwe na mkanda ufungwe kabla hujaigusa baiskeli, na usiufungue mpaka umeirudisha mahali pake. Ndani ya uwanja hupandi. Unaisukuma hadi kwenye mstari uliochorwa. Katika mashindano mengi ya ridhaa pia hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako akukingie upepo. Lazima uache nafasi, kwa kawaida mita 10. Mtu amekimbia kilomita 5 vizuri, moyo unamdunda, vidole vinatetemeka, anahangaika na mkanda wa helmeti kwa nusu dakika. Nusu dakika hiyo angeiokoa nyumbani, kwa kurudia zoezi hilo hilo uani jioni.

Halafu kuna ile mbio ya pili. Ni fupi, na ndiyo inayosimuliwa na kila aliyewahi kushiriki. Ukishuka kwenye baiskeli, miguu inakuwa mizito kama gunia la chai mbichi lililonyeshewa. Sababu yake inaeleweka. Misuli ya mbele ya mapaja imesukuma pedali kwa dakika 40 au 50, nyonga zimekaa zikiwa zimekunjwa muda wote, na sasa mwili unatakiwa kusimama wima, kunyoosha hatua na kubeba uzito wake wenyewe. Hali hiyo hupungua baada ya dakika chache, lakini katika kilomita 2.5 dakika chache ni sehemu kubwa ya safari. Dawa inayojulikana ni kuizoesha miguu: katika mazoezi, ukitoka kwenye baiskeli, kimbia hapo hapo japo kilomita moja, kabla ya kuketi na kikombe cha chai.

Chakula kisimtishe mtu. Kwa shindano la saa moja na kitu, uji au chai na mkate saa mbili tatu kabla ya kuanza vinatosha. Mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, ingoje baadaye.

Saa ya kuanza ina uzito zaidi. Mvua ya Kericho hupenda alasiri, pale joto la mchana na upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria vinapokutana na milima, na mara nyingi huja na mawe. Mwendeshaji baiskeli kwenye lami iliyolowa, breki zimelowa, hana ujanja. Asubuhi ndiyo salama, ukungu ukishaondoka.

Mvua, hata hivyo, haitishi kuliko malori. Kedowa iko kwenye barabara kuu inayotoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Kericho, na hapo jirani, kwenye makutano ya Londiani, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, trela lilivamia wachuuzi, waendesha bodaboda na magari, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Kuwaruhusu watu wa ridhaa washindane kwa baiskeli kwenye barabara hiyo huku magari yakipita ni kucheza na roho zao. Kwa hiyo yeyote anayefikiria kuandaa duathloni katika eneo hili, awe chifu, shule, kanisa au kaunti yenyewe, na aanze na polisi wa trafiki: achague kipande cha barabara ya ndani, kifungwe kwa saa mbili za asubuhi ya Jumapili au sikukuu, watu wazunguke hapo mara kadhaa. Hilo likikosekana, shindano lisifanyike.