Baba aliyekimbia pekupeku, na watoto waliobaki na jina lake

Dunia inamkumbuka Abebe Bikila kwa miguu yake. Ndiyo iliyokimbia kilomita 42 za barabara za Roma bila viatu, jioni ya Septemba 10, 1960, na kumfanya Muethiopia wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Nyumbani kwake Addis Ababa mambo yalikuwa tofauti. Watoto wake walikuwa bado wadogo miguu hiyo ilipokufa ganzi, na miaka minne ya mwisho ya maisha yake baba yao aliishi kwenye kiti cha magurudumu. Alipofariki dunia Oktoba 25, 1973, alikuwa na miaka 41 tu.

Mtoto anayefiwa na baba katika umri huo hubaki na vipande vya kumbukumbu, kama sauti yake au namna alivyocheka. Mengine yote huyapata kwa wakubwa, kama wapo wa kumsimulia. Ndiyo kazi iliyowaangukia watoto wa Bikila.

Mtoto wa mfugaji

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia, kwenye familia ya wafugaji. Alipokua alikwenda Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen, alikomnoa.

Mwaka 1960 ulikuwa na mambo mawili makubwa kwake. Machi alifunga ndoa na Yewebdar Wolde-Giorgis, binti aliyechaguliwa na mama yake. Miezi sita baadaye akawa Roma, akijiandaa kwa mbio za marathoni.

Viatu alivyopata huko vilimbana na kumtoa malengelenge. Kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi pekupeku, aliamua kukimbia hivyohivyo. Alimaliza giza likiwa limeingia, chini ya Tao la Konstantino, akitumia saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Ilikuwa rekodi ya dunia.

Miaka minne baadaye, Tokyo, alisimama tena kwenye mstari wa kuanzia. Safari hii alivaa viatu, ila tumboni alikuwa na kovu bichi, kwani wiki chache tu kabla ya mbio alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alishinda kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11, rekodi nyingine ya dunia. Wenzake walipokuwa bado barabarani, yeye alikuwa kwenye nyasi za uwanja akinyoosha viungo. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Ajali iliyobadili nyumba

Mexico City, mwaka 1968, mguu ulimsaliti, akaacha mbio kabla ya nusu ya safari. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeipatia Ethiopia dhahabu. Wasomaji wa Tanzania wanazijua mbio hizo kwa sababu nyingine: ndizo ambazo John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, na bado akamaliza akichechemea, wa mwisho, huku giza likiwa limetanda.

Machi 1969, gari dogo aina ya Volkswagen alilokuwa akiendesha Bikila lilipata ajali. Aliumia uti wa mgongo. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, akatibiwa kwa miezi kadhaa. Mikono ilirudi, ila miguu haikurudi tena.

Baba wengi wanaopoteza kilichowapa jina hujifungia ndani. Hasira huishia kwa mke na watoto, na nyumba nzima hugeuka ya kutembea kwa kunyata. Bikila alichukua njia nyingine. Ushindi wake na ajali yake aliviita vyote mapenzi ya Mungu. Kama alivyoupokea ule wa kwanza, alisema, hana budi kuipokea na hii.

Akajifunza kulenga shabaha kwa upinde akiwa amekaa, na mwaka 1970 akashiriki michezo ya watu wenye ulemavu hukohuko Stoke Mandeville. Mwaka uliofuata alialikwa Norway kama mgeni. Hakukaa jukwaani. Alishindana, na akashinda mbio za kigari cha kuteleza kwenye theluji kinachovutwa na mbwa, yeye mtoto wa nchi isiyojua michezo ya theluji.

Wanawe walikuwa nyumbani wakikua wakati huo. Walichokiona ni baba asiyeweza kusimama, lakini ambaye hakuacha kushindana.

Baada ya mazishi

Bikila alifariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Maelfu kwa maelfu ya watu walimzika, Mfalme akiwemo. Mwaka mmoja baadaye Mfalme mwenyewe alipinduliwa, na Ethiopia ikaingia kwenye miaka migumu ya utawala wa kijeshi.

Katika hali kama hiyo ni rahisi habari za mtu kubaki sentensi moja: yule aliyekimbia pekupeku. Binti yake, Tsige Abebe, hakuiacha iishie hapo. Mwaka 1996 alichapisha kitabu cha maisha ya baba yake, kikieleza ushindi na msiba wake kwa pamoja. Habari za baba zikawa zimeandikwa na mtu wa nyumbani kwake.

Kisha likaja suala la jina. Kuanzia mwaka 2010, kampuni ya Vibram iliuza viatu vyepesi vya kukimbilia, vyenye umbo la vidole vya mguu, ikaviita Bikila. Mtu aliyepata umaarufu kwa kukimbia bila viatu, sasa jina lake lilikuwa linauza viatu, na familia ilisema haikuombwa ruhusa. Mwaka 2015 ilifungua kesi Marekani.

Haikufanikiwa. Mahakama iliona kwamba familia ilijua habari za viatu hivyo miaka kadhaa kabla ya kushtaki, na kwamba ilichelewa mno. Jaji hakuhitaji kukana kwamba Bikila alikuwa baba yao. Muda peke yake ulitosha kuwaangusha.

Kwako mzazi

Si kila nyumba ina bingwa wa Olimpiki. Lakini nyumba nyingi zina mzee aliyewahi kuchezea timu ya mkoa, aliyekimbilia jeshi au magereza, au aliyekuwa golikipa wa shule hadi vijiji vya jirani wakamjua. Medali iko kwenye kabati, imepoteza rangi. Picha ipo, lakini nyuma haina jina wala mwaka. Watoto wanamjua babu kama mtu wa kahawa na redio.

Kuzuia hilo hakuna gharama. Simu uliyoshika sasa inarekodi sauti. Siku moja kaa na mzee, mpe picha moja ya zamani mkononi, muulize waliosimama naye ni nani na siku hiyo ilikuwaje. Andika majina nyuma ya picha akiwa bado anayakumbuka. Vyeti na karatasi zake viweke pamoja, na watoto wajue vilipo.

Na muulize pia kuhusu kushindwa. Siku aliyoachwa kwenye timu, goti lililomstaafisha, alivyoamka kesho yake. Hayo ndiyo mjukuu atakayoyahitaji siku mambo yake yatakapomwendea kombo.

Mwaka 2010, miaka 50 baada ya ile jioni ya Roma, Muethiopia Siraj Gena aliongoza marathoni ya mji huohuo. Zikiwa zimebaki mita mia chache alisimama, akavua viatu, akamaliza pekupeku kwa heshima ya Bikila. Watazamaji walielewa mara moja, kwa sababu kwa nusu karne palikuwa na watu waliokuwa wakisimulia.