Kwa nini utafiti wa dawa unahitaji watu wa kila aina

Chanjo ikizuia ugonjwa katika nchi moja, si lazima ifanye kazi kwa kiwango hicho hicho kwingine. Jaribio la chanjo ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota lilionyesha hivyo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Afrika Kusini chanjo ilizuia takriban asilimia 77 ya visa vikali. Malawi, chanjo hiyo hiyo ilizuia takriban asilimia 49. Majaribio ya awali ya Ulaya na Amerika ya Kusini yalikuwa yamepita asilimia 80.

Hata hivyo, kwa kuwa kuhara huko kulikuwa kumeenea zaidi Malawi, idadi ya visa vikali vilivyozuiwa kwa kila watoto 100 waliochanjwa ilikuwa kubwa Malawi kuliko Afrika Kusini. Kama watoto wa Malawi wangeachwa nje, jambo hilo lisingejulikana. Kenya iliingiza chanjo ya rota kwenye ratiba ya watoto mwaka 2014.

Wakazi wa Kilifi wana mfano wa karibu zaidi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na Kenya ilikuwa na vituo 3: Kilifi, Siaya na Kombewa. Iliwakinga watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 vizuri kuliko walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana mama huambiwa asubiri, wala haipati mtoto siku moja na chanjo za wiki 6.

Waliosahaulika kwa muda mrefu ni wajawazito. Kwa hofu ya kumdhuru mtoto tumboni, majaribio mengi ya dawa huwaacha nje, ilhali malaria haiwaachi. Ni mwaka 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa ya mseto ya artemether-lumefantrine kwa miezi 3 ya kwanza ya mimba. Kabla ya hapo walipewa kwinini kwa siku 7, dawa chungu inayovumisha masikio. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu yake, lakini gharama yake ililipwa na akina mama.

Basi kwa nini watu hawa hawapatikani? Mara nyingi ni kwa sababu ya namna wanavyotafutwa. Mtafiti akikaa hospitali ya mjini kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, atawapata wanaoishi karibu na lami. Mvuvi hatamwona, wala mfugaji wa Ganze aliye malishoni, wala kibarua ambaye siku moja bila kazi ni siku bila unga. Kurudishiwa nauli husaidia, ila nauli si mshahara wa siku uliopotea.

Lugha nayo ni kizuizi. Fomu ya idhini iliyoandikwa Kiswahili cha vitabuni haimfai nyanya anayezungumza Kigiriama. Na katika boma nyingi mama hatii sahihi kabla ya kuzungumza na baba mtoto au mama mkwe, kwa hiyo anayetaka jibu papo hapo atapata hapana, au ndiyo ya kumfukuza mgeni. Ampe siku chache.

Kisha kuna damu. Hadithi za mumiani hazijaisha Pwani, na kumcheka anayeziamini hakusaidii. Kinachosaidia ni kumwonyesha kiasi kwa kijiko cha chai, kumweleza damu inapimwa nini na itahifadhiwa wapi, na baadaye kurudi barazani na matokeo. Vivyo hivyo kwa makundi ya majaribio: mwananchi aelezwe kwamba nani apate dawa mpya na nani asipate huamuliwa kwa kura, si kwa kumpendelea mtu.

Kutafuta watu wa kila aina si kujaza utafiti na maskini. Kamati za maadili huangalia malipo yasiwe chambo kwa asiye na kitu.

Mkazi akiombwa kushiriki, aulize kama utafiti umeidhinishwa na kamati ya maadili na kama una leseni ya NACOSTI. Ikiwa ni jaribio la dawa au chanjo, lazima pia liwe na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, kisha aweke kidole gumba. Kila mshiriki apewe nakala yenye simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Anaweza kukataa, au kujiondoa katikati bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hospitalini yataendelea kama kawaida.