KITI KIBOVU DARASANI
Kufundisha Ushonaji, Udarizi na Utengenezaji wa Samani kwa Njia ya Mradi

Mwalimu mwanafunzi anapopangiwa somo la kazi za mikono katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu jambo la kwanza linalomsumbua ni vifaa. Huandika ubaoni kwamba kila mtoto alete nusu mita ya kitambaa kipya, sindano moja na nyuzi za rangi tatu. Mimi nami niliandika hivyo katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu. Jumatatu iliyofuata wanafunzi tisa wa darasa la tano hawakufika shuleni. Wa kumi alifika na kipande cha khanga kilichokatwa kwa mkasi. Jioni mama yake alikuja na sehemu iliyobaki, akaitandaza juu ya meza yangu bila ya kusema neno. Ilikuwa khanga aliyokuwa akiivaa. Nilimwomba radhi, naye akaipokea radhi yangu kwa upole ambao sikuustahili; lakini khanga haikurudi kuwa nzima, na wale watoto tisa iliwachukua siku tatu kuamini kwamba wanaweza kurudi darasani mikono mitupu.

Makala haya yanakusudia kueleza njia nyingine ya kuanza. Badala ya kuagiza kitu kipya, mwalimu aanze na kitu kilichoharibika ambacho tayari kipo. Mfano tutakaoufuata ni kiti cha mbao ambacho mguu wake unacheza na kamba za kukalia zimekatika. Kiti cha namna hiyo hakikosekani katika stoo ya shule. Watu wengi hupenda kufufua viti vya nyumbani kama kazi ya mapumziko: hukaza viungo, hukiwamba upya, kisha hushona mto na kuudarizi. Kwa mwalimu, kazi hiyo moja ina useremala, ushonaji, udarizi na hesabu.

Kwa nini kitu kibovu

Kitambaa kipya hakiulizi swali. Mtoto aliyepewa kitambaa kipya na kuambiwa adarizi ua hukaa akisubiri neno la mwalimu, kwa sababu hajui ni kosa gani linarekebishwa. Kiti kinachocheza kikiwekwa mbele ya darasa, na mtoto mmoja akaombwa akikalie, mjadala huanza wenyewe. Mmoja atasema mguu ni mfupi, mwingine atasema sakafu imebonyea, wa tatu atakigeuza na kutazama viungo. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Wakihamishe mahali pengine penye sakafu sawa, wakijaribu tena, na wabishane kwa ushahidi.

Jambo hili si geni katika historia ya elimu. Katika shule ya majaribio iliyoanzishwa na John Dewey katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, watoto walishona, walifuma na kufanya useremala, si kwa ajili ya kuwa mafundi bali kwa ajili ya kufikiri. Katika kitabu chake The School and Society cha mwaka 1899, Dewey anaeleza jinsi kikundi cha watoto kilivyotumia nusu saa kutenganisha pamba na mbegu zake kwa vidole, kikapata chini ya aunsi moja, yaani chini ya gramu 28. Kwa kazi hiyo walielewa wenyewe kwa nini wazee wao walivaa sufu zaidi kuliko pamba. Mwalimu atakayepangiwa Shinyanga, Simiyu au Mwanza anaweza kurudia jaribio hilo wakati wa mavuno kwa saa ya ukutani na mzani wa dukani. Yafaa lifanyike kabla ya kugusa sindano, kwani mtoto akishachambua pamba kwa nusu saa hatautupa uzi ovyo.

Kazi ya mbao

Hapa nitapita upesi. Kwanza kiti kitolewe nje, kiunguliwe kwa maji ya moto kwenye viungo na kuanikwa juani, maana viti vya stoo ni nyumba za kunguni. Pili, kama kina rangi ya mafuta ya zamani, watoto wasikipige msasa. Rangi za zamani, na baadhi ya mpya pia, huwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kiti cha rangi ya namna hiyo kikaushwe, kifutwe kwa kitambaa chenye maji na kiachwe na rangi yake, au kichaguliwe kiti kingine kisichopakwa.

Mguu unaocheza usipigiwe misumari. Hili ndilo kosa ambalo nimeliona mara nyingi zaidi, hata kwa walimu wazoefu. Kiti hutulia kwa wiki moja, kisha msumari hupanua tundu na mbao hupasuka. Kiungo kifunguliwe, na gundi kuukuu ikwanguliwe hadi mbao yenyewe ionekane, kwa kuwa gundi mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Ulimi wa mbao uingiao katika tundu la mguu upakwe gundi ya seremala, na kama umelegea uongezewe kabari nyembamba. Kisha miguu izungushiwe kamba, kijiti kipenyezwe katika kamba hiyo na kupopotolewa mpaka ikaze, na kiti kiachwe hadi kesho yake juu ya sakafu iliyo sawa.

Sehemu ya kukalia hutengenezwa kama kitanda cha kamba kinavyowambwa. Kamba ya katani hutangulia kutoka mbele kwenda nyuma, zikaribiane; kisha nyingine hupita kutoka ubavu hadi ubavu, juu ya mbili, chini ya mbili. Watoto wafanye wawili wawili, mmoja avute na mwingine azuie isilegee. Katika vijiji vingi yupo mzee anayejua kuwamba vizuri kuliko mkufunzi yeyote, nami namshauri mwalimu amwalike kwa heshima na akae pamoja na watoto kujifunza.

Foronya ya mto

Mto wa kiti uwe na upande wa sentimita 40. Upande wa mbele wa foronya unahitaji kitambaa cha sentimita 44 kwa 44, kwa sababu kila ukingo huliwa na mshono wa sentimita 2. Upande wa nyuma uwe vipande viwili vinavyopandana kwa sentimita 10, ili mto uingizwe na kutolewa bila vifungo wala zipu. Waulizwe watoto kila kipande kiwe na upana gani. Wengi watasema 20, yaani nusu ya 40, na mto wao hautafunikwa. Wachore, wakate karatasi za magazeti, wazipandanishe, ndipo watakapoona kwamba ni 25, na kwamba kwa kuongeza 2 za mshono na 3 za pindo inakuwa 30. Kipande cha gazeti kikikatwa vibaya hakimlizi mama wa mtu.

Baada ya hapo swali hili lafaa: khanga kuukuu yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa 110 itatoa foronya ngapi? Foronya moja yahitaji ukanda wa sentimita 44 kwa 104. Kanda tatu zinatoka, na unabaki ukanda wa sentimita 18 kwa 110 na mwingine mwembamba wa sentimita 6. Mabaki hayo ni viraka. Khanga hiyo iombwe kwa wazazi kwa barua au katika kikao, iwe moja tu kwa kikundi, tena iliyokwisha kuachwa. Asiagizwe mtoto mmoja mmoja.

Kwa darasa la wanafunzi 60 nimeona vikundi kumi vya watoto sita vikifanya kazi vizuri kwa sindano 30. Sindano zichomwe katika kipande cha godoro chenye mistari kumi ya tatu tatu, zihesabiwe kabla ya kipindi na kabla ya mtoto yeyote kutoka. Kwanza wapige bandi, kisha ndipo washone mshono wa kurudi nyuma. Urefu wa uzi usizidi kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko cha mtoto. Mtoto anayetaka uzi mrefu ili asitunge sindano mara kwa mara atatumia muda mwingi zaidi kufungua mafundo.

Kudarizi kwa kuhesabu

Kwa wanaoanza, mshono wa msalaba ndio unaofaa, na kitambaa kinachofaa ni cha miraba midogo, kama mashati ya miraba ya zamani. Kila mraba huchukua msalaba mmoja, hivyo hakihitajiki kitambaa maalumu. Kipande cha sentimita 24 kikikunjwa sentimita 2 kila upande hubaki 20, nacho hushonewa katikati ya foronya kama kiraka. Miraba ikiwa ya nusu sentimita, kipande kina miraba 40 kwa 40. Watoto wachore kwanza pambo lao katika daftari la hesabu, misalaba isizidi 80, wagawane. Fundo la uzi wa kudarizia huwa na nyuzi sita zilizoshikana. Mbili au tatu zatosha.

Sharti ni moja: mkono wa juu wa kila msalaba ulale upande mmoja. Mwanga ukipiga kitambaa, msalaba uliolala kinyume huonekana kama jino lililong'oka.

Wapo walimu wanafunzi wanaowapa wasichana sindano na wavulana msumeno. Hiyo ni desturi ya shule kuliko desturi ya watu wetu. Katika miji ya pwani wanaume wanashona na kudarizi kanzu, na mafundi cherehani katika baraza za maduka wengi wao ni wanaume. Kofia zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi huko Zanzibar na Lamu hushonwa kwa mikono na watu wenye subira, wake kwa waume. Watoto wapokezane: leo gundi, kesho sindano.

Kufumua, na upande wa nyuma wa kitambaa

Hapa ndipo ninapotaka mwalimu mwanafunzi akae zaidi. Mtoto anapokosea, mkono wa mwalimu huwashwa. Husema, "Lete nikuonyeshe," huchukua kitambaa, hushona mistari miwili na kukirudisha. Kitambaa kimependeza, lakini kuanzia hapo si cha mtoto tena, naye anajua. Mwalimu awe na kitambaa chake mwenyewe mkononi katika kipindi chote, aonyeshe juu ya hicho, na kile cha mtoto asikitie sindano kamwe.

Kufumua kufundishwe kama mshono mwingine wowote, katika kipindi chake. Kitambaa kigeuzwe, uzi ukatwe kila baada ya mishono mitatu kwa upande wa nyuma, kisha vipande vivutwe polepole. Anayevuta uzi mzima kwa hasira hukunja na kuchana kitambaa.

Upande wa nyuma humweleza mwalimu mambo ambayo upande wa mbele huyaficha. Uzi mrefu ulioruka kutoka pembe moja hadi nyingine waonyesha mtoto hakupanga njia. Fundo kubwa laonyesha hakuelekezwa kuacha mkia wa uzi na kuubana chini ya mishono ya kwanza. Mafundo yakiwa mengi kwa watoto wote, kosa ni la mwalimu.

Nilimsimamia mwalimu mwanafunzi mmoja aliyempa mvulana alama sifuri kwa sababu hakumaliza. Kitambaa chake kilikuwa na mstari mmoja tu, na matundu ya sindano yalionekana wazi kwamba mstari ule ulifumuliwa mara nne. Alama ya juu kabisa ilikuwa ya msichana aliyeleta pambo zima lisilo na dosari. Nilimwomba mwalimu awaite wote wawili kando, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ashone msalaba mmoja mbele yetu. Mvulana aliushona, akaeleza bila kuulizwa kwa nini mkono wa juu ulale kulia. Msichana alishika sindano, akatutazama, akasema dada yake ndiye aliyeshona usiku kwa sababu mwalimu alisema ambaye hatamaliza asije. Hatukumwadhibu. Aliyesema maneno yale ubaoni alikuwa amesimama karibu nami, na tulibaki darasani sisi wawili kwa muda mrefu baada ya watoto kwenda kucheza.

Tangu siku hiyo nawaomba walimu wanafunzi wangu kazi isitoke darasani, na alama zitolewe kwa sehemu tatu: msalaba mmoja unaoshonwa mbele ya mwalimu, maelezo ya mtoto juu ya upande wa nyuma wa kazi yake, na kosa moja alilolifumua na kulirudia. Usafi wa pambo zima upewe alama chache. Mkaguzi akija na kukuta foronya zilizopinda, mwalimu amwonyeshe na za mwezi uliopita.

Mto ukishawekwa, kiti kirudishwe kazini, kisifungiwe kabatini kungoja maonyesho. Akikalie mtu mzima kila siku. Kikianza kucheza tena baada ya majuma machache, darasa lifungue kiungo kile kile na kutazama kama gundi haikukauka au kabari ilikuwa fupi.