Makala ya kurasa chache iliyofika hadi Uganda

Mfanyabiashara anayevuka Busia au Mutukula anajua kuwa jina ni mtaji. Muuzaji wa jumla hatoi mzigo wa mkopo kwa mtu asiyemjua. Huuliza kwanza ni nani amewahi kufanya naye biashara, na ilikwendaje.

Watafiti nao wana utaratibu unaofanana na huo. Mtafiti huchapisha makala katika jarida la kisayansi, na wenzake wanaoitegemea kazi hiyo huitaja katika makala zao. Kila kutajwa huhesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: mwenye alama 40 ni yule mwenye makala 40 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 40.

Hata hivyo, alama hizo hazimwambii mama anayeuza vitenge mpakani kazi hiyo inamhusu vipi. Ili kujua, ni lazima kuifuata makala yenyewe. Mfano mzuri ni ya Mary-Claire King, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani.

Mwaka 1974, King alianza kuchunguza kama saratani ya matiti inaweza kurithiwa kupitia jeni moja. Wataalamu wengi wa wakati huo hawakuamini. Desemba 1990, yeye na wenzake walichapisha makala fupi katika jarida la Science. Uchunguzi wa koo 23 zenye wagonjwa 146 ulionyesha kuwa jeni hiyo, inayoitwa BRCA1, iko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1994 kundi la Mark Skolnick, huko Utah, liliipata jeni yenyewe.

Hapo biashara ikaingia. Kampuni ya Myriad Genetics ilichukua hataza za BRCA1 na jeni ya pili, BRCA2, na kipimo kikafikia zaidi ya dola 3,000 za Marekani. Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jeni ya asili ya binadamu haiwezi kuwekewa hataza. Kampuni nyingine zikaingia sokoni kwa bei nafuu.

Swali lililobaki lilihusu Afrika. Profesa Olufunmilayo Olopade, mzaliwa wa Nigeria anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alishirikiana na King kupima wanawake wa Nigeria. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa kati ya wagonjwa 1,136 wa saratani ya matiti, 167 walikuwa na kasoro ya jeni inayoongeza hatari ya saratani, nyingi zikiwa za BRCA1 na BRCA2. Mwaka 2020 ukafuata utafiti wa wanawake wa Uganda na Kameruni, nao ukakuta kasoro za aina hiyo. Safari iliyoanza na koo 23 ilikuwa imefika Afrika Mashariki.

Kwa familia za mpakani, jambo hili ni la uhai. Tafiti za kimataifa zinaonyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, takriban 70 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Wagonjwa wengi wa saratani hiyo hawakuirithi, lakini anayejua kuwa amerithi kasoro anaweza kuanza uchunguzi mapema na kupanga kinga na daktari wake. Kasoro hiyo hupitia kwa baba pia, kwa hiyo shangazi ana uzito sawa na mama mdogo.

Tatizo ni kwamba habari za ugonjwa mara nyingi hubaki upande mmoja wa mpaka. Shangazi anatibiwa Kampala, mpwa wake anauza mchele Kisumu, na daktari wa Kisumu haambiwi lolote. Wenye ndugu waliougua saratani ya matiti kabla ya miaka 50, saratani ya ovari katika umri wowote, au mwanamume aliyeugua saratani ya matiti, wanapaswa kumweleza daktari. King alianza na orodha ya namna hiyo: nani katika ukoo aliugua, na akiwa na umri gani. Inaweza kuandikwa nyuma ya daftari la mauzo.