Ilikuwa Nzima Mpaka Ilipoingizwa Intaneti: Kweli au Si Kweli?

Kompyuta ya mezani imetumika nyumbani miaka bila kusumbua: barua za kikundi, filamu za kwenye flashi, michezo ya watoto. Siku inapochomekwa modemu au kufungwa ruta, inaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, au inatoa skrini ya bluu. Ushauri humiminika kutoka kila upande. Baadhi yake ni kweli, mwingi si kweli, na mmoja huwapotezea watu picha za familia.

"Hivyo ni virusi tu."

Leo, mara nyingi si kweli. Ila imani hii ina chanzo chake. Tarehe 11 Agosti 2003 kirusi kiitwacho Blaster kilianza kuzagaa kwenye kompyuta za Windows 2000 na XP. Hukuhitaji kufungua barua pepe wala kubofya chochote. Ukiunganisha tu, kinaingia, na kwenye XP kilitokea kisanduku kikihesabu sekunde 60 kabla mashine haijajiwasha upya. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu hilo tangu Julai 16, lakini wengi hawakuwa wamekiweka, na fayawoli ya XP wakati huo ilikuja ikiwa imezimwa. Siku hizi huja imewashwa. Tena kirusi cha sasa kwa kawaida hakitaki kompyuta yako izime. Kinataka ibaki hai ili kiibe nywila zako kimyakimya.

"Intaneti inaunguza mashine."

Si kweli. Radi ikipita kwenye waya wa mtandao inaweza kuiunguza, ndiyo, lakini kuvinjari hakuunguzi kitu. Kinachotokea ni kwamba Windows iliyokaa muda mrefu bila mtandao huanza kudai madeni yake yote kwa mpigo: masasisho, draiva mpya, ukaguzi wa usalama. Prosesa inachemka na diski haipumziki. Kama feni imejaa vumbi au pawa saplai imechoka, hapo ndipo udhaifu uliokuwepo siku zote unapoonekana. Chomoa mtandao, kisha ipe mashine kazi nzito. Ikizima vilevile, safisha feni kwanza.

"Modemu inaweza kuiangusha kompyuta nzima."

Kweli, na watu hawaishuku vya kutosha. Modemu nyingi za USB hubeba programu zao ndani, na ukichomeka zile za zamani zinaweka draiva iliyotengenezwa kwa Windows ya enzi nyingine. Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, kwa hiyo ikikosea haianguki peke yake.

"Zima masasisho, matatizo yatakwisha."

Si kweli. Sasisho bovu lipo: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Lakini kuyazima moja kwa moja ni kuyaacha wazi matundu kama lile la 2003. Ukihofia bando, weka alama kwenye mipangilio kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, Windows ipunguze upakuaji.

"Dawa ni kupiga window upya."

Si kweli, na huu ndio ushauri unaoumiza. Ukifuta kila kitu kisha ukarudisha draiva ileile, tatizo linarudi, picha hazirudi.

Uliza mashine yenyewe kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Inafunguka kalenda yenye misalaba myekundu kwenye siku za ajali, na chini yake orodha ya vilivyowekwa siku hizo. Mara nyingi jina la mkosaji limeandikwa hapo.

Kama bado huna hakika, shikilia Shift huku ukichagua Restart, uifuate menyu mpaka Startup Settings. Namba 4 huwasha kompyuta kwa hali salama bila mtandao, namba 5 pamoja na mtandao. Ikitulia kwenye 4 na kuzima kwenye 5, shuku draiva ya mtandao: rudisha ya awali au iondoe, kisha weka ile ya mtengenezaji inayolingana na Windows yako. Ikitulia kwenye zote mbili, tafuta kwenye draiva nyingine au programu zilizoongezwa karibuni. Ikizima hata kwenye 4, mshukiwa mkuu ni kifaa chenyewe, kuanzia RAM, diski na pawa saplai, na hapo kupiga window hakutasaidia.

Kabla fundi hajagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ukiwa kwenye namba 4 kama mashine inatulia hapo.