Mkaa wa Magunzi, Samadi na Maji ya Mto

Leo tuzungumze juu ya samadi na maji ya mto.

Kila mnyama ana homoni mwilini. Hizi ni kemikali zinazouamrisha mwili: sasa kua, sasa shika mimba. Zikishamaliza kazi, hutoka katika mkojo na mavi. Ng'ombe mwenye mimba hutoa nyingi zaidi. Basi samadi uliyoirundika kando ya kijito inazo, na mvua ikinyesha zinakwenda na maji.

Utauliza, "Zina madhara gani?" Wa kwanza kuumia ni samaki. Huko Kanada, mwaka 2001 hadi 2003, wataalam walitia katika ziwa dogo homoni ya kike ya vidonge vya uzazi wa majira. Kiasi kilikuwa kama gramu 5 au 6 tu kwa kila lita bilioni moja za maji. Samaki madume wakaanza kuwa na dalili za kike, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kwisha kabisa. Homoni ile ni kali kuliko ya ng'ombe, lakini somo ni lile lile: kidogo sana chatosha kuharibu.

Sasa tuje kwenye mkaa. Magunzi ya mahindi au vifuu vya nazi, ukivichoma penye hewa kidogo, haviwi majivu. Vinakuwa mkaa wenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Homoni hunata humo kuliko kubaki majini. Wataalam huuongezea mkaa huo nguvu: huupitishia mvuke mkali ili vitundu viongezeke, au huutia chumvi za chuma ili ushike zaidi na uweze kutolewa majini kwa sumaku. Hiyo ni kazi ya maabara. Usichezee tindikali nyumbani.

Wewe fanya haya:

1. Weka rundo la samadi mbali na kisima na mto. Lifunike kwa majani ya migomba, mvua isilipige.

2. Liache lioze vizuri, ukiligeuza ili hewa ipite. Vijidudu vya mboji huvunja homoni nyingi.

3. Ponda mkaa wa magunzi, uloweshe kidogo usitimke vumbi, uchanganye na matandiko ya banda na samadi.

4. Acha ukanda wa nyasi kati ya shamba na mto.

Lakini kumbuka: mkaa nao hushiba. Ukishashiba haushiki tena, lazima utie mwingine. Wala mkaa hauui vijidudu vya magonjwa; maji ya kunywa yachemshe kama kawaida. Na usikate mti kwa kazi hii, magunzi yapo tele.

Jirani yako wa bondeni anavua na kuchota maji yanayotoka kwako. Mtunzie. Kwa leo tunaishia hapa. Kilimo chema.